Waserbia waliasi mwaka 1804 kwa jina la Sultani, au dhidi yake?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma historia chuoni, mwaka wa pili. Sekondari tulikutana na Serbia kwenye mada ya Vita Kuu ya Kwanza tu: Sarajevo, risasi, basi. Sasa nimesoma kwamba Waserbia waliasi ndani ya Milki ya Osmani mwaka 1804 huku wakidai wanampigania Sultani mwenyewe. Ninayeishi naye hosteli amenicheka. Anasema vilikuwa vita vya dini tangu siku ya kwanza, na hayo ya kumtii Sultani yalikuwa maneno ya kuzugia tu. Nani yuko karibu na ukweli? Kwa nini walilazimika kuasi mara mbili? Na uhuru wao tuuhesabu kuanzia lini, maana kila kitabu kinataja mwaka wake?

Jibu: Marahaba.

Wewe uko karibu na ukweli wa mwaka 1804, mwenzako yuko karibu na ukweli wa mwaka 1807. Miaka hiyo mitatu ndiyo yenye maana kubwa kuliko vita vyote vilivyofuata, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Nitashikilia jambo moja: dhamana. Ahadi Waserbia walipewa, tena nzuri na kwa maandishi. Walichokosa ni mtu wa kuhakikisha zinatimizwa, na walipoanza kumtafuta mtu huyo nje ya milki, ugomvi ukageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Kwanza weka ramani kichwani. Wakati huo hapakuwa na nchi iliyoitwa Serbia. Lilikuwepo jimbo la mpakani lililojulikana kama Pashaliki ya Belgrade, na kwenye daftari za serikali likiitwa Sanjaki ya Smederevo, kusini mwa mito Sava na Danubi. Ng'ambo ya mito hiyo ilikuwa Austria. Ukisimama juu ya ngome ya Belgrade unauona mji wa Zemun kwa macho, nao ulikuwa chini ya mfalme mwingine. Baruti, chumvi, wakimbizi na barua za siri, vyote vilivukia hapo. Na nguruwe pia.

Usicheke. Misitu ya mialoni ya Šumadija, katikati ya jimbo, ilinenepesha nguruwe kwa wingi, na soko lao lilikuwa Austria. Mabwana Waislamu hawakuwa na haja na mnyama huyo, hivyo biashara yote ikabaki mikononi mwa Waserbia wenyewe. Ndiyo iliyowatoa watu wenye fedha mkononi, wanaojua vivuko, wanaojua bei za ng'ambo, na wanaofahamiana kutoka wilaya hadi wilaya. Karađorđe Petrović, kiongozi wa maasi ya kwanza, alikuwa mfanyabiashara wa nguruwe. Miloš Obrenović, kiongozi wa maasi ya pili, alianza maisha akiswaga mifugo ya watu. Anayekuambia haya yalikuwa maasi ya wakulima fukara wenye mauma tu amewasahau wafanyabiashara.

Ongeza na hili: katika vita vya Austria na Waosmani vilivyoanza mwaka 1788, Waserbia wengi walijiunga na vikosi vya kujitolea vya Austria, Karađorđe akiwa mmoja wao. Mwaka 1791, kwa mkataba wa Sistova, Austria ikarudisha Belgrade kwa Sultani na kwenda zake. Waserbia wakabaki na mafunzo ya kijeshi, na kumbukumbu ya kuachwa njia panda. Kumbukumbu hiyo itarudi.

Sasa Sultani. Selim III alikuwa mtawala mwenye nia ya kurekebisha mambo, na adui yake mkubwa ndani ya nyumba yake walikuwa Majanisari. Zamani hao walikuwa askari bora wa milki. Kufikia wakati wake, hasa mikoani, walikuwa wamegeuka kundi la wababe wenye silaha, wasiolipika wala kuamrishika. Kwa firmani, yaani amri zake rasmi, za mwaka 1793 na 1794 aliwapiga marufuku Majanisari kurudi Belgrade, akawapa Waserbia haki ya kujikusanyia kodi kupitia majumbe wao, walioitwa *knez*, na akamtuma gavana wa kufanya kazi hiyo, Hadži Mustafa Pasha. Huyu ni Mwislamu, ni mtumishi wa Sultani, ni haji, na Waserbia walimwita Mama wa Waserbia. Majanisari waliposhambulia jimbo kutokea Vidin, kwa Osman Pazvantoğlu aliyekuwa amejitangazia utawala wake huko, Mustafa Pasha aliwapa Wakristo silaha wapigane upande wa serikali.

Mwambie mwenzako alitafakari hilo kidogo. Miaka michache kabla ya maasi, Waserbia walikuwa tayari wanapigana na Majanisari, chini ya bendera ya Sultani, kwa amri ya gavana wa Sultani.

Kilichoharibu mpango huo kilitokea Misri. Mwaka 1798 Napoleon alishuka Alexandria. Selim alihitaji kila askari, na hakuweza kupigana na Wafaransa huku akipambana na Pazvantoğlu na washirika wake nyuma ya mgongo. Akapatana nao, na mwaka 1799 akaruhusu Majanisari warudi Belgrade. Desemba 1801 wakamwua Hadži Mustafa Pasha ndani ya ngome yake mwenyewe. Viongozi wao wanne wakagawana jimbo: Aganlija, Kučuk Alija, Mula Jusuf na Mehmed-aga Fočić. Walijulikana kwa jina la *dahije*.

Utawala wao ulihisiwa kijijini, sio kwenye makaratasi. Mkulima alikuwa anampa sipahi, mmiliki halali wa ardhi kwa hisani ya Sultani, fungu la kumi la mavuno, na anailipa serikali kodi ya kichwa. Sasa akatokea bwana wa pili aliyejitwalia kijiji kwa mabavu, naye akadai fungu la tisa juu ya lile la kumi. Vijijini wakajenga nyumba za kulala wageni, kumbe ni vituo vya watu wao wenye bunduki, waliokula, kulala na kuchukua walichotaka bure. Masipahi nao walinyang'anywa haki zao, na mwaka 1802 wenyewe, Waislamu, walijaribu kuwapindua dahije wakashindwa. Kwa hiyo waliodhulumiwa hawakuwa wa dini moja.

Waserbia wakamwandikia Sultani. Inasimuliwa kwamba Selim aliwatisha dahije kuwa wasipojirekebisha atawapelekea jeshi, na si jeshi la Waturuki, bali la watu wa taifa na imani nyingine. Dahije wakajiuliza: ni jeshi gani hilo? Wakahitimisha kwamba ni hawa hawa raia wao Wakristo. Wakaamua kuwawahi.

Mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari 1804 walipita wilaya hadi wilaya wakiwaua majumbe, mapadri, wafanyabiashara, yeyote ambaye wanakijiji wangeweza kumfuata. Mauaji yanayokumbukwa zaidi ni ya Valjevo, kando ya mto Kolubara, tarehe 4 Februari. Aleksa Nenadović na Ilija Birčanin walikatwa vichwa hadharani. Kosa la Aleksa lilikuwa barua: alikuwa amemwandikia ofisa wa Austria huko Zemun, na barua ikanaswa. Fočić aliishika mkononi akaisoma mbele ya umati kabla ya kutoa amri. Lengo lilikuwa kuwaondoa viongozi ili raia wabaki bila pa kushika. Matokeo yakawa kinyume, kwa sababu walionusurika walielewa kwamba kukaa nyumbani kimya hakumwokoi mtu tena.

Siku kumi baadaye, tarehe 14 Februari, yapata watu 300 walikusanyika Orašac, kwenye bonde dogo lenye miti liitwalo bonde la Marićević. Ilibidi wachague kiongozi. Stanoje Glavaš akakataa: yeye ni *hajduk*, mtu wa msituni, mnyang'anyi kwa macho ya serikali, na watu wangesema wananchi wamefuata majambazi. Teodosije Marićević, jumbe wa pale, naye akakataa. Akabaki Karađorđe, aliyekuwa ameponea chupuchupu watu wa dahije walipomfuata nyumbani. Inasimuliwa kwamba naye alisita, akisema ana hasira mbaya, na atakayemkosea hatamwonya, atamwua. Wakamjibu kwamba wakati huu ndio unaomtaka mtu wa namna hiyo. Hakuwa anatia chumvi. Baadaye alimnyonga ndugu yake mwenyewe, Marinko, kwa kosa la kubaka. Padri Atanasije wa Bukovik akawaapisha, na nyumba ya watu wa dahije pale Orašac ikachomwa moto.

Angalia ile hoja ya kwanza ya kukataa uongozi. Glavaš hakutaka maasi yaonekane ujambazi. Mtu anayejali jina hilo anajali hakimu fulani, na hakimu aliyekuwa kichwani mwao alikuwa Istanbul. Mwaka mzima wa 1804 waliandika malalamiko kwa Sultani wakisema wanapigana na waasi wake. Naye Sultani alilikubali dai hilo kwa vitendo: alimtuma gavana wa Bosnia, Bekir Pasha, aje na jeshi, na Waserbia wakampokea kwa heshima. Dahije wakakimbia kwa mashua kwenye Danubi hadi kisiwa cha Ada Kale. Agosti 1804 wapiganaji wa Kiserbia chini ya Milenko Stojković wakawafuata huko na kuwaua, na gavana wa Sultani akaridhia.

Hadi hapo, mjadala wa hosteli umeushinda wewe.

Lakini soma kilichofuata. Bekir Pasha aliwaambia: wabaya wenu wamekufa, rudini majumbani. Wakakataa. Tayari mwezi Mei, katika mazungumzo ya Zemun, walikuwa wametaka kwamba chochote watakachokubaliana na Waosmani kiwekewe dhamana na Austria. Waliuliza swali ambalo yeyote angeuliza baada ya yale ya 1799: Sultani alituahidi haya haya miaka kumi iliyopita, akabanwa, akaturudishia Majanisari, kesho akibanwa tena, sisi tunamshtaki wapi? Wala hawakuwa wanabuni hatari. Askari wa kukodi wa Gušanac Alija walikuwa bado ndani ya ngome ya Belgrade, na Bekir Pasha hakuweza kuwatoa.

Kwa upande wa Sultani dhamana ya nje ndiyo kitu pekee ambacho hakuweza kuitoa. Tangu mkataba wa Küçük Kaynarca wa mwaka 1774, Urusi ilikuwa inadai haki ya kuwasemea Wakristo wa Kiorthodoksi ndani ya milki yake, na kila kipengele cha namna hiyo kilikuwa kinazaa madai mapya. Kukubali kwamba raia wake wana mdhamini huko Vienna au St Petersburg kulikuwa sawa na kukubali kwamba jimbo lina wenyewe wawili. Angeweza kuwapunguzia kodi. Angeweza kuwaruhusu wajitawale vijijini. Hili asingeweza.

Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki ya kuogopa kile zilichoogopa. Ndiyo sababu siridhiki na neno la mwenzako, "kuzugia". Wapo kweli waliotazama mbali zaidi mapema. Padri Mateja Nenadović, mtoto wa yule Aleksa aliyekatwa kichwa, alifunga safari kwenda St Petersburg mwaka huo huo wa 1804. Lakini alikwenda kutafuta wakili, na mtu mwenye kesi dhidi ya baba mwenye nyumba hutafuta wakili bila kuwa amekataa kwamba nyumba ni ya huyo baba.

Basi mambo yakaenda mteremko. Mwaka 1805 Sultani alimtuma Hafiz Pasha kutoka Niš awanyang'anye silaha. Walimzuia Ivankovac, mwezi Agosti. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kupigana na jeshi halali la serikali, sio la waasi. Kuanzia hapo, kudai kwamba wanampigania Sultani kulihitaji uso mkavu. Mwaka 1806 jeshi kutoka Bosnia likapigwa Mišar, na jingine likakwama Deligrad.

Mwaka huo huo mfanyabiashara mmoja mjanja, Petar Ičko, alikwenda Istanbul kwa niaba yao, akarudi na mapatano mazuri ajabu: jimbo litoe kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, Waserbia wajitawale, na Waosmani wabakishe mwakilishi wao na walinzi wachache. Waserbia waliyakataa mwanzoni mwa mwaka 1807. Kwa nini? Kwa sababu Desemba 1806 Urusi na Waosmani walikuwa wameingia vitani, na mjumbe wa Urusi alikuwa anawaahidi zaidi. Hapa nitasema wazi ninavyoona, ingawa wapo wanahistoria watakaonipinga: walikataa kitu ambacho Miloš alikuja kukishangilia miaka tisa baadaye, tena kikiwa kimepungua.

Hapo ndipo zamu ya mwenzako inapofika. Alfajiri ya Desemba 12, 1806, kikundi kidogo, kikiwemo Konda na Uzun Mirko, kilipenya lango moja la Belgrade na kulifungua kwa ndani. Mji ukaanguka, na ngome ya juu ikafuata baada ya wiki chache. Machi 1807 gavana Sulejman Pasha aliondoka na askari wake na familia kwa ahadi ya usalama. Waliviziwa njiani wakauawa. Waislamu wa Belgrade waliobaki, watu wa sokoni, mafundi, wanawake na watoto, wengi waliuawa, na baadhi walionusurika wakabatizwa. Hao hawakuwa dahije. Wengi wao walikuwa wamenyanyaswa na dahije vile vile. Vitabu vya shule vya huko vimezoea kupita hapo haraka, na mwanafunzi wa historia hapaswi kupita haraka. Vita vilivyoanza kama kesi dhidi ya askari wakorofi sasa vilikuwa vya Mkristo na Mwislamu, mjini na kijijini.

Miaka iliyofuata naipitisha kwa ufupi, kwa sababu mtindo ni ule ule: Urusi inakuja, Urusi inaondoka. Julai 1807 Tsar Alexander I alipatana na Napoleon huko Tilsit, na Urusi ikasimamisha vita na Waosmani. Serbia ikabaki peke yake. Ndani yake kulikuwa na ugomvi wa makamanda, kila mmoja mfalme wa wilaya yake, na Karađorđe akivutana na baraza lililoundwa mwaka 1805 kumpunguzia madaraka. Kuna pia mambo ya kusifia: mwaka 1808 walifungua Shule Kuu Belgrade katikati ya vita, chini ya mwanazuoni Dositej Obradović, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Vuk Karadžić, aliyekuja kuipa lugha ya Kiserbia tahajia yake.

Ila lazima nisimame Čegar, karibu na Niš, tarehe 31 Mei 1809. Makamanda wawili, Miloje Petrović na Petar Dobrnjac, walikuwa wamegombana kuhusu nani aamuru, na Stevan Sinđelić alipozidiwa kwenye handaki lake hakuletewa msaada. Akafyatua bastola yake kwenye ghala la baruti, akajilipua pamoja na watu wake na waliokuwa wanaingia. Jemadari wa Waosmani, Hurshid Pasha, aliamuru vichwa vya waliouawa vichunwe ngozi, na mafuvu yakajengewa ndani ya mnara kando ya barabara ya kwenda Istanbul, ili wapita njia waone. Mafuvu yalikuwa 952. Ndugu zao waliyang'oa usiku kwa usiku ili wayazike, na leo yamebaki 58. Mnara bado upo Niš, umejengewa kanisa dogo la kuufunika tangu 1892. Wageni wengi huutazama kama ushahidi wa ukatili wa upande mmoja. Mimi huuona pia kama hati ya mashtaka dhidi ya makamanda wawili wa Kiserbia ambao hawakuelewana.

Mwaka 1812, hatimaye, dhamana ilipatikana. Mkataba wa Bucharest kati ya Urusi na Waosmani, uliotiwa saini Mei 28, ulikuwa na kifungu cha 8 kinachohusu Waserbia: wasamehewe, wajiendeshee mambo yao ya ndani, na Waosmani warudishe askari kwenye ngome. Waserbia hawakukaa mezani, na kifungu hawakukipenda. Mwezi uliofuata Napoleon aliivamia Urusi. Mdhamini akawa anapigania nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1813 majeshi ya Osmani yakaingia kutoka pande tatu, na mwanzoni mwa Oktoba Karađorđe akavuka mto kwenda Austria pamoja na viongozi wengi. Maasi ya kwanza yakaisha hivyo, na maelfu ya wanakijiji wakivuka nyuma yake.

Miloš Obrenović hakuvuka. Alijisalimisha, akathibitishwa kuwa jumbe, na mwaka 1814 hata alisaidia kuzima vuguvugu la Hadži-Prodan. Wengine humwita msaliti kwa hilo. Gavana mpya, Sulejman Pasha Skopljak, alilipiza kisasi kwa wasiohusika, na Desemba 1814 kuna waliochomekwa kwenye miti iliyochongwa Belgrade. Mapema 1815 Stanoje Glavaš, yule aliyekataa uongozi Orašac, aliuawa, na inasimuliwa kwamba Miloš alionyeshwa kichwa chake akaambiwa zamu yake inafuata. Akajitoa mjini kwa kisingizio kwamba anakwenda kuuza ng'ombe apate fedha anazodaiwa na pasha. Tarehe 23 Aprili 1815, Jumapili ya Matawi kwa kalenda yao, alitangaza vita pale Takovo.

Maasi ya pili ni mafupi, na uzuri wake hauko kwenye mapigano, ingawa walishinda Ljubić, Požarevac na Dublje. Tazama Miloš alivyopigana. Aliwaachia wafungwa, akawapa zawadi, akawasindikiza wanawake Waislamu salama. Kila alipopata nafasi alisema ugomvi wake ni na Skopljak, sio na Sultani. Unayasikia maneno ya 1804? Yamerudi, lakini sasa yanasemwa na mtu anayejua thamani yake. Majeshi mawili ya Osmani yalipofika mipakani, aliingia mwenyewe kwenye kambi ya Hurshid Pasha kujadiliana. Hurshid akataka silaha zote zikabidhiwe, na Miloš alitoka humo kwa bahati. Akaenda kwa jemadari wa pili, Marashli Ali Pasha. Huyo, inasimuliwa, alimwambia: mtiini Sultani tu, na mkitaka vaeni hata mizinga mikandani.

Wakapatana kwa mdomo. Hakuna karatasi wala mdhamini. Waserbia wakusanye kodi wenyewe, Belgrade iwe na baraza lao, pasha abaki ngomeni. Miloš alikubali bila ile dhamana ambayo watu wa 1804 waliipigania, na hapa ndipo ujanja wake ulipo: kufikia 1815 Napoleon alikuwa ameshindwa, Urusi ilikuwa na jeshi kubwa lisilo na kazi, na Istanbul ilijua hilo bila kuandikiwa. Dhamana ilikuwepo hewani, bila kumdhalilisha Sultani kwa maandishi. Ilipokuja kuandikwa, iliandikwa polepole: mkataba wa Akkerman mwaka 1826, wa Edirne mwaka 1829, kisha hati ya Sultani ya mwaka 1830 iliyoifanya Serbia jimbo linalojitawala na Miloš mtawala wa kurithisha wanawe. Mwaka 1833 zikaongezwa wilaya sita. Mabwana wa ardhi wakaondoka na mkulima akabaki na shamba lake, jambo ambalo kwa watu wengi wa vijijini lilikuwa kubwa kuliko bendera.

Usimfanye malaika. Karađorđe aliporudi kwa siri mwaka 1817, akiwa na uhusiano na Wagiriki waliokuwa wanapanga maasi yao, Miloš aliamuru auawe. Aliuawa usingizini kwenye msitu wa Radovanje, kwa mpango uliosimamiwa na kum wake (jamaa wa kiroho kwa ubatizo au ndoa), Vujica Vulićević, na kichwa chake kikapelekwa Istanbul. Miloš alitawala kama pasha aliyebatizwa, akajilimbikizia biashara ya nguruwe, na raia wake mwenyewe wakamwasi mara kadhaa. Uhasama wa koo hizo mbili, Karađorđević na Obrenović, uliendelea mpaka mwaka 1903, maofisa wa jeshi walipomwua Mfalme Aleksandar Obrenović ikuluni na kumleta Petar, mjukuu wa Karađorđe. Kwa hiyo ukiniuliza nani alishinda, nakujibu: Miloš alipata alichokitaka, na ukoo wa Karađorđe ndio uliokaa kwenye kiti mwishoni.

Nirudi kidogo kwenye dini, kwa ajili ya mwenzako. Hati za miaka ya 1830 ziliwataka Waislamu wasio askari wa ngome waondoke, na baada ya mapigano ya Belgrade ya mwaka 1862, ngome za Užice na Soko zilibomolewa na wakazi wake Waislamu wakahamishwa. Hilo ni sehemu ya historia hii, na hesabu yake bado inaumiza Balkani. Lakini ukivuka mpaka hadi Herzegovina mwaka 1882, Austria-Hungary ilipotangaza kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, waliochukua bunduki walikuwa Waserbia na Waislamu bega kwa bega, Stojan Kovačević upande mmoja na Salko Forta upande wa pili. Milki ilikuwa nyingine, na mstari wa uadui ukachorwa pengine. Dini ilikuwa kuni tayari. Nani aziwashe, na lini, kulitegemea kodi, askari na mdhamini.

Sasa miaka. Kwenye insha andika 1804 kama mwanzo wa maasi, 1815 kama mapatano yasiyoandikwa, 1830 kama kujitawala kunakotambuliwa. Mwaka 1867 askari wa Osmani waliondoka kwenye ngome na Sultani akamkabidhi Mwanamfalme Mihailo, mtoto wa Miloš, funguo zake, ingawa kisheria Serbia bado ilikuwa chini yake. Uhuru kamili ulitambuliwa kwenye Kongamano la Berlin mwaka 1878. Waserbia wenyewe siku yao ya taifa ni Februari 15, sikukuu ya kanisa iliyoangukia siku ya mkutano wa Orašac, na ambayo mwaka 1835 ilipitishiwa katiba yao ya kwanza. Tarehe ilisogea siku moja kwa sababu ya tofauti ya kalenda. Mkufunzi wako akikulazimisha mwaka mmoja wa uhuru, andika 1878. Akikuuliza ni lini Waserbia walianza kuutaka, usimwandikie 1804. Mwandikie mwanzo wa 1807, yale mapatano ya Ičko yalipokataliwa.